Vipande Vinane vya Ubao

Hadibodi huuzwa kwa kipimo cha futi 4 kwa futi 8. Ikate mara moja kwa urefu, kisha mara tatu kwa upana, utapata vipande vinane vya mraba, kila kimoja kikiwa na futi 2 kila upande, wala hakuna makombo ya kutupa. Leo ukiingia kwenye maduka ya sanaa ya Oysterbay jijini Dar es Salaam, au kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe kule Unguja, utawakuta tembo, chui, kanga na ndege wenye shingo ndefu wamebanwa ndani ya miraba hiyo, mikia imekunjwa na pembe zimepindishwa ili zienee. Wageni hutafuta maana ya umbo lile. Wapo wanaoihusisha michoro hiyo na picha za kwenye kuta za nyumba kule kusini, na huenda wana hoja. Lakini mtu aliyewahi kununua ubao kwa fedha yake mwenyewe huelewa upesi kwamba mraba ule ulianzia kwenye msumeno na mfuko.

Mwenye msumeno alikuwa Edward Saidi Tingatinga. Alianza kuchora mwaka 1968, na mwaka 1972 alikuwa ameshazikwa. Miaka minne tu. Ndani ya muda huo, bila shule ya sanaa na bila mfadhili wa kumtunza, alianzisha aina ya uchoraji inayobeba jina lake hadi sasa. Vitabu vya sanaa vikimtaja huzungumzia rangi zake na wanyama wake. Mimi hunivutia zaidi namna alivyoipanga kazi yenyewe: alinunua nini, aliuzia wapi, alimfundisha nani, na kitu gani kilibaki bila kupangwa. Nawafahamu vijana wengi wanaochora kwa tableti, wanaotengeneza midundo chumbani, wanaoandika miswada ya filamu usiku wa manane. Wakikwama, ni mara chache kukwama kwa sababu ya kipaji. Hukwama kwenye kodi ya chumba, kwenye mteja asiyelipa, kwenye mkataba uliosainiwa bila kusomwa, kwenye jina la kisanii ambalo mtu mwingine amewahi kulisajili.

Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru, karibu na mpaka wa Msumbiji, kwenye familia ya wakulima. Shule aliionja kidogo, ya misheni. Kisha, kama maelfu ya vijana wa kusini wa wakati ule, akaenda Tanga kwenye mashamba ya mkonge. Huko kibarua alipewa kadi iliyoitwa kipande. Kila siku aliyomaliza kazi aliyopangiwa iliwekwa alama, na siku 30 zikijaa ndipo mshahara unatoka. Siku ambayo kazi haikutimia haikuhesabiwa, hata kama mtu alikuwa shambani tangu alfajiri. Sijui kama kuna chuo cha sanaa kinachofundisha jambo hilo kwa ukali wa namna hiyo, kwamba kilichoanzwa na hakikuisha hakina bei.

Mwaka 1959 alihamia Dar es Salaam, akapokelewa na jamaa yake aliyekuwa mpishi kwenye nyumba ya Mzungu. Akafanya kazi za nyumbani na za bustani, akauza mbogamboga na matunda. Hata picha zilipoanza kununuliwa hakuacha kutafuta mshahara: alipata kazi Muhimbili, ya kuhudumia wodini, na kuchora akakupangia saa zilizobaki. Kwa nini mtu aliyekuwa na wateja aende kufanya kazi ya wodini? Jibu lipo kwenye aina ya biashara yenyewe. Picha haina siku maalumu ya kuuzwa. Wiki hii zitatoka tatu, wiki mbili zijazo hakuna hata moja, na mwenye nyumba hasubiri. Mshahara mdogo unaokuja kila mwezi humpa mchoraji uwezo wa kukataa bei ya kunyonywa siku ya pili ya njaa.

Tuna mazoea ya kuisimulia ajira ya msanii kama aibu aliyolazimika kuivumilia mpaka alipotoboa. Historia yetu haikubaliani na masimulizi hayo. Shaaban Robert aliingia idara ya forodha mwaka 1926 akiwa kijana, na akaendelea kuwa karani wa serikali, kwa kuhamishwa kutoka idara moja hadi nyingine, kwa zaidi ya miaka thelathini. Tenzi, insha, riwaya na wasifu vyote viliandikwa na mtu aliyekuwa na afisa wa kumsalimia asubuhi. Alifariki mwaka 1962, miaka michache tu baada ya kuacha kazi ya ukarani. Ukitaka kupima muda aliokuwa nao wa kuandika bila ajira, ni mfupi mno. Sisemi ukarani ulimfaa. Ukiritimba wa kikoloni ulimchosha na hakuuficha uchovu huo. Nasema tu kwamba kazi tunazozisoma shuleni zilitoka kwenye ratiba ya mtu mwenye ajira, na ratiba hiyo inafaa kuchunguzwa kwa heshima ileile tunayoipa mizani ya beti zake.

Turudi kwenye ubao, maana hapo ndipo kuna utajiri. Turubai na rangi za mafuta za wachoraji wa Ulaya zilikuwa ghali, na ni bidhaa za kuagizwa. Tingatinga alitumia hadibodi, bidhaa ya mafundi wa dari, na rangi ya enameli, ileile ya kupaka baiskeli. Vyote viliuzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, kwa hiyo havikumtegemea mwagizaji mmoja wala duka moja la Wazungu. Rangi ya enameli hung'aa, huvumilia vumbi na huweza kufutwa kwa kitambaa. Kasoro yake ni kwamba huchelewa kukauka. Ukipaka chui juu ya usuli ambao bado mbichi, rangi zinachanganyika na kazi imeharibika.

Kasoro hiyo ndiyo iliyozaa utaratibu ambao wachoraji wa mtindo huu wanaufuata hata leo. Unapaka usuli kwenye mbao kadhaa kwa mkupuo, unaziegemeza ukutani, unaziacha. Zikikauka unarudi na umbo la mnyama kwenye zote. Unaziacha tena. Halafu madoa, mistari, macho. Kila mara kuna ubao unaokauka na ubao unaongoja brashi, na mchoraji hakai bure akitazama rangi. Siku ya mtu mwenye zamu hospitalini hugawanyika vizuri kwa mpango huo: usuli kabla ya kwenda kazini, wanyama baada ya kurudi. Mwandishi anayefanya kazi ya mchana anaweza kujifunza hapa kuliko kwenye vitabu vingi vya kumhamasisha. Sura moja ikiwa inakauka kwa mhariri, kuna nyingine ya kuipaka usuli.

Kisha mahali pa kuuzia. Oysterbay ilijengwa wakati wa ukoloni kama mtaa wa Wazungu, na baada ya Uhuru ikabaki kuwa makazi ya mabalozi, wataalamu wa misaada, walimu wa kigeni na wakubwa wa serikali. Duka lao lilikuwa Morogoro Stores. Walifika pale kununua mkate na nyama, na wakitoka walikuwa na chenji mkononi. Tingatinga aliweka picha zake hapo nje, na mara nyingi aliyekaa nazo alikuwa mkewe, Agatha Mataka. Picha zilikuwa ndogo kiasi cha kuwekwa kwenye kiti cha nyuma cha gari, na baadaye kwenye sanduku la safari. Nyingi ziliondoka nchini kwa njia hiyo, mikononi mwa watu waliomaliza mikataba yao ya kazi na kurudi kwao Skandinavia, Uswisi au Uingereza.

Msanii wa leo huambiwa ajenge wafuasi. Neno hilo hunisumbua. Aliyekaa nje ya Morogoro Stores hakuwa na wafuasi. Alikuwa na wapita njia wenye fedha, na alijua saa wanazopita. Mtu mwenye wafuasi elfu hamsini mtandaoni wasionunua kitu amekaa barabara yenye msongamano, lakini magari hayasimami. Si lazima barabara iwe Oysterbay. Kwa mchoraji wa vitabu vya watoto, Morogoro Stores yake huenda ni ofisi za wachapishaji watatu. Kwa mpiga ngoma, ni wapangaji wa harusi. Swali ni mtu anayelipa husimama wapi, na hilo hujibiwa kwa kwenda kusimama hapo siku kadhaa na kutazama.

Na kuna Agatha. Masimulizi mengi humpa sentensi moja. Mimi nadhani kazi aliyoifanya inastahili jina lake la kitaaluma, kwa sababu mtu aliyekaa na bidhaa mchana kutwa ndiye anayejua ni picha gani iliyoshikwa mara tano ikarudishwa, na ni ipi iliyochukuliwa bila kubishana bei. Mchoraji aliye kazini hajui hayo. Wasanii wengi wana mtu wa namna hiyo nyumbani, dada, mke, mume, rafiki, anayejibu simu, anayefuatilia malipo na kukumbuka tarehe. Mara nyingi halipwi, wala hatajwi kwenye mkataba. Ugomvi mwingi ninaousikia baina ya wasanii na watu wao wa karibu unatoka hapo, kwenye kazi iliyofanywa miaka mingi kwa jina la mapenzi bila mtu kukaa chini na kusema sehemu yako ni hii.

Pengine ni vema kukumbuka kwamba Kiswahili cha mitaani kina neno kali juu yetu. Mtu akisema "ule ni usanii tu", ana maana ya udanganyifu. Asili ya maana hiyo sitaijadili hapa, ila najua kinachoiimarisha: fundi picha aliyechukua advansi akazima simu, mwanamuziki aliyechukua malipo ya kumbi mbili usiku mmoja, mbunifu aliyetoa kazi ileile kwa wateja wawili. Picha ya Tingatinga ilikuwa imekwisha kabla mnunuzi hajafika. Ilionekana, ilishikwa, ililipiwa, ikaondoka. Si kila sanaa inaweza kuuzwa hivyo, lakini palipo na kazi ya kuagizwa, karatasi moja yenye tarehe, kiasi cha awali, kiasi cha mwisho na idadi ya marekebisho yasiyo na malipo ya ziada humtoa msanii kwenye maana hiyo ya mitaani.

Mauzo yalipokuwa mazuri, hakuweza kuchora peke yake kiasi kilichotakiwa. Akaanza kuwaita jamaa na watu wa kwao: January Linda, Ajaba Abdallah Mtalia, Adeusi Mandu, Kasper Henrick Tedo, Simon Mpata, Omari Amonde. Walijifunza kama fundi seremala au fundi cherehani anavyojifunza kwetu, kwa kukaa karibu, kupaka usuli, kujaza madoa, hadi mkono ukazoea. Hapakuwa na ada wala cheti. Kwa macho ya mtu wa leo mwenye hofu ya kuibiwa wazo, hiyo ilikuwa hatari kubwa: aliwapa wote siri nzima, tangu mahali pa kununulia ubao hadi mahali pa kuuzia.

Mwaka 1972 Tingatinga alikuwa ndani ya gari usiku jijini Dar es Salaam. Polisi walidhani waliomo ni wahalifu wanaotoroka, wakafyatua risasi. Alikufa akiwa na umri wa miaka arobaini hivi. Shirika la umma la kuuza sanaa lilikuwa limeanza kununua kazi zake, yaani soko lilikuwa linapanuka kutoka barazani kwenda kwenye maduka rasmi. Aliacha mjane na watoto wadogo.

Hapa ndipo ile hatari ya kuwapa watu siri inageuka sura. Laiti angeificha, mtindo ule ungezikwa naye kwenye makaburi ya Msasani, na leo tungekuwa na picha chache za ajabu kwenye nyumba za wastaafu wa Denmark. Wanafunzi waliendelea. Wakakaa mahali palepale, wakauza kwa watu walewale, wakafundisha wengine, nao wakafundisha wengine, na kila aliyeulizwa anachora nini alisema tingatinga. Jina la ukoo wa mtu likawa jina la bidhaa, kwa herufi ndogo. Ajabu ni kwamba neno hilo tayari lilikuwa la watu wote: tingatinga kwa Kiswahili ni trekta, lile gari la kulimia na kuchonga barabara. Mtoto wa Mbeya anaweza kulijua neno miaka mingi kabla ya kusikia kwamba kulikuwa na mtu.

Basi jina likawa la nani? La mjane na watoto? La wanafunzi walioufanya mtindo uishi? La taifa, lililoanza kuwapa wageni wake picha hizo kama zawadi? Nchi ilikuwa na sheria ya hakimiliki tangu mwaka 1966, lakini baraza la Oysterbay halikuendeshwa kwa vifungu. Sokoni kila mtu alilitumia. Miongoni mwa picha zilizoandikwa E. S. Tingatinga pembeni zimo ambazo hakuzigusa, na wakusanyaji wa kazi zake halisi sasa hulazimika kuzikagua herufi moja moja, pamoja na ubao na rangi. Hakuacha daftari la mauzo la kuwasaidia. Mengi tunayoyajua juu ya maisha yake yametoka vinywani mwa jamaa na wanafunzi, na vinywa hutofautiana.

Linganisha na Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, Unguja, katika familia maskini ya wafinyanzi, na jina alilopewa lilikuwa Mtumwa. Alitembeza vyungu vya kuuza, akinadi kwa sauti, kabla ya kuhamia mjini na kufunzwa uimbaji. "Siti" lilikuja baadaye, jina la heshima, na ndilo lililoandikwa kwenye santuri alizorekodi Bombay kuanzia mwaka 1928 pamoja na wenzake wa taarabu. Alifariki mwaka 1950. Mwaka 1958 ulitoka wasifu wake, mwandishi akiwa Shaaban Robert, karani wetu. Kwa hiyo tunajua alikuwa nani, na waliofuata walipozikopa nyimbo zake, walijulikana kuwa wamekopa kwa nani. Santuri ina lebo. Ina namba ya toleo. Ubao wa futi 2 kwa 2 ulioondoka Oysterbay kwenye kiti cha nyuma cha gari hauna lebo wala namba.

Kumbukumbu za namna hiyo ni kazi ya dakika tano kwa kila kipande: picha ya kazi, tarehe, kipimo, jina la aliyenunua na bei. Simu ya mkononi inatosha. Msanii kijana huona aibu kidogo kuandika hayo, kana kwamba anajifanya mkubwa kabla ya wakati. Lakini hakuna anayeweza kuziandika kwa niaba yake miaka ishirini baadaye, na anayetaka kuandaa maonyesho, kuomba ruzuku au kuthibitisha kazi imeibwa huanza kwa kuulizwa orodha.

Sheria nayo ina mipaka ambayo watu wengi hugundua wakiwa wamechelewa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999, ambayo ndiyo iliyozaa COSOTA, hulinda kazi: picha hii, wimbo huu, hadithi hii. Haki za kiuchumi hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Tingatinga alikufa mwaka 1972. Hesabu ni nyepesi. Na mtindo haulindwi kabisa. Yeyote anaweza kuchora chui wa madoadoa mwenye macho makubwa juu ya usuli wa buluu, mradi asinakili picha fulani ya mtu fulani. Jina linalotumika kibiashara ni habari nyingine tena: hilo husajiliwa BRELA, kama alama ya biashara au jina la biashara, na halisajiliki lenyewe kwa sababu tu watu wanakufahamu. Ni mambo mawili, ofisi mbili, na fomu mbili tofauti. Msanii wa muziki anayedhani kuandikisha wimbo kumemlinda jina lake amejaza fomu moja.

Wanafunzi na wanafunzi wa wanafunzi walijipanga kwa njia waliyoijua. Mwaka 1990 wakaandikisha chama cha ushirika, Tingatinga Arts Cooperative Society. Ushirika una uongozi wa kuchaguliwa, daftari la wanachama, vikao na ugomvi wa vikao. Faida yake ni kwamba una anwani. Mnunuzi wa picha mia mbili anajua aongee na nani, na mchoraji mgonjwa ana mahali pa kupeleka taarifa. Wapo wachoraji wengi walio nje ya chama wanaochora mtindo uleule na kuuita jina lilelile, wala hakuna wa kuwazuia. Mwaka 2010 katuni za watoto zilizotengenezwa Nairobi, Tinga Tinga Tales, zikaonyeshwa kwenye televisheni za Uingereza na kwingineko, na watoto ambao hawajawahi kusikia Tunduru wakalijua jina hilo kama jina la mahali pa kubuni wanapoishi wanyama.

Simon Mpata alichagua kuondoka. Alihamia Kenya, akachora na kuuzia huko, akakubalika sana kwa wanunuzi wa Kijapani. Alifariki mwaka 1984. Baadaye ikajengwa hoteli ya kitalii pembezoni mwa Masai Mara, ikaitwa Mpata Safari Club. Yeye hakuwahi kulala humo.

Mfano ninaourudia mara nyingi zaidi ni wa George Lilanga, ambaye hakuwa mwanafunzi wa Tingatinga ingawa maduka huwaweka rafu moja. Alikuwa Mmakonde, mchongaji tangu nyumbani kusini. Alipofika Dar es Salaam miaka ya 1970 alianza kazi Nyumba ya Sanaa akiwa mlinzi. Usiku alilinda, na kazi zake zilipoonekana akapewa nafasi ya kuchora na kuchonga. Mashetani wake wenye vidole viwili na masikio makubwa wakafika Marekani, Ulaya na Japani. Soko lilipomzidi, naye akajaza karakana jamaa na wasaidizi. Kisha kisukari kikamshika, na miguu ikakatwa. Aliendelea kufanya kazi akiwa ameketi, na wasaidizi wakachukua sehemu kubwa zaidi ya kile ambacho mwili wake haukuweza tena. Alifariki mwaka 2005.

Wakosoaji wa Ulaya walipenda kuuliza mkono wa Lilanga uliishia wapi na wa wasaidizi ukaanzia wapi. Swali halali kwa anayelipa fedha nyingi. Lakini lina upofu wake. Karakana yenye fundi mkuu na vijana wake ndiyo namna ya kawaida ya kazi za mikono kwetu, na mtu asiye na bima wala pensheni alikuwa na bima moja tu, watu aliowafundisha. Mgongo, macho, figo na vidole ni vifaa vya kazi kama brashi, ila haviuzwi dukani. Wachoraji wa enameli huvuta mvuke wa rangi na tina miaka nenda rudi, mara nyingi ndani ya vyumba vidogo. Kukaa barazani kwenye upepo, jambo ambalo watalii huliona la kupendeza kwa picha zao, kuna maana ya kiafya pia. Leo Mtanzania aliyejiajiri anaweza kujiunga na mifuko ya hifadhi ya jamii na ya bima ya afya kwa kuchangia kwa hiari. Wasanii wengi huliona jambo hilo kuwa la watumishi wa serikali. Tingatinga, mhudumu wa wodi, aliwaona kila siku watu waliofika hospitali wakiwa na kitu mfukoni na wale waliofika bila kitu.

Nimewasikia watu wakisema wanafunzi wake walimwibia. Siwezi kukubali. Walichora kwa sababu aliwafundisha, wakalibeba jina kwa sababu ndilo wateja walilouliza. Wala sikubaliani na wanaosema kila kitu kilikwenda vizuri kwa kuwa mtindo umeenea duniani. Kuenea kwa jina na kushiba kwa wenye jina ni hesabu mbili, na ya pili haikufanywa mapema. Ingeweza kufanywa kwa karatasi moja: wanafunzi hawa wanaruhusiwa kutumia jina hili, sehemu hii ya mauzo iende kwa watoto wangu mpaka wakue. Fundi wa miaka arobaini mwenye afya, anayeuza vizuri, hana sababu ya kuwaza karatasi kama hiyo, na katika miaka ile hapakuwa na mtu wa kumkalisha chini akamweleza.

Oysterbay, wachoraji wamekaa kwa safu, mbao zimeegemezwa ukutani zikikauka. Kila mmoja huandika jina lake mwenyewe kwenye pembe ya chini ya picha, kwa brashi nyembamba, na baadhi wameongeza namba ya simu kwa nyuma. Mtalii akisimama huuliza tingatinga ile ya twiga ni bei gani. Mchoraji humtajia, kisha humwonya asiiguse bado, rangi ni mbichi. Arudi jioni, ama achukue hii nyingine iliyokauka.